Mwenzangu wa mizani

Mtoto wa dada yangu hufuata vitambaa na vyombo vya plastiki Mombasa, na ana tabia moja aliyoirithi kwa bibi yake: akimsikia mtu anazungumza Kipemba, lazima amsimamishe amuulize ni wa wapi. Akijibiwa Pemba, huuliza Pemba gani. Akijibiwa Wete, huuliza kwa nani. Siku hiyo, katika soko la Kongowea, alimkuta mzee mmoja anabishana na mwenye mizani ya samaki wakavu. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaeleza tu, taratibu, hatua kwa hatua, kwa nini mizani ile inaiba. Kijana akangoja ubishi uishe, akaanza masuali yake. Yalipofika kwenye kazi, mzee akasema zamani alikuwa akikagua karafuu kwenye kituo cha Shirika huko kaskazini Pemba, na karani wake alikuwa mwanamke, kaja kuolewa Unguja, sijui kama yu hai.

"Mama mdogo wangu huyo," kijana akasema. "Yu hai, na kufoka hajaacha."

Usiku simu yangu ikaleta ujumbe wa sauti kutoka nambari ya Kenya. Nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi. Nikaufungua kwa kidole kisicho na machicha. Sauti ya mtu mzima, imekwaruza, ikasema: "La pili." Halafu kimya.

Nami nikasema, peke yangu jikoni, kwa sauti kubwa: "La pili."

Mume wangu akauliza kutoka sebuleni la pili nini. Hapo ndipo nilipomjua ni nani.

Kwa msiowahi kukaa kituo cha karafuu, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Karafuu za Zanzibar zina mnunuzi mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968, na msimu ukifika hufunguliwa vituo huko huko mashamba. Mkulima huleta magunia yake kwa gari la ng'ombe, kwa baiskeli, au juu ya vichwa vya wanawe. Mkaguzi hufungua gunia, humwaga kidogo sakafuni, huzipekua. Hutazama rangi: karafuu iliyokauka vizuri ina wekundu wa kahawia, iliyonyeshewa jamvini, au iliyorundikwa ingali mbichi, hufifia na kunyauka. Hutazama makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yaliyochanganyika humo, mchanga, vijiti. Kisha huchota fumba moja akalibana. Zikiwa kavu huchoma kiganja na hulia. Zenye maji hunyamaza. Akitaka hakika zaidi huivunja moja kwa ukucha: kavu hukatika, yenye maji hupinda.

Baada ya hapo huita daraja. La kwanza, la pili, la tatu. Karani hurudia kwa sauti ili mkulima asikie mara mbili, gunia hupandishwa kwenye mizani, karani huweka mawe, husoma uzito, huandika stakabadhi, na nakala ya kaboni hubaki kitabuni. Gunia jengine.

Yeye alikuwa mkaguzi, mimi karani. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, toka asubuhi mpaka jua linakuchwa, msimu baada ya msimu, miaka ya tisini yote. "La kwanza." "La kwanza." "La tatu." "La tatu." Katikati yake, chafya, kwa sababu vumbi la karafuu halina heshima na mtu.

Watu wote walimwita Daraja, nami nitamwita hivyo hivyo hapa, maana jina lake halisi ni lake na ni la wanawe. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ukucha wa gumba la mkono wa kulia aliuacha ukakua kwa ajili ya kukatia karafuu. Alikula mhogo wake wa kuchemsha akiwa amesimama, kwa dagaa, mgongo kautupa mlangoni asizuie hewa. Akiona gunia zuri alikuwa na mguno wake, mfupi, wa puani, na mkulima akiusikia tu alijua ameshapata la kwanza kabla halijaitwa. Nilijua chafya yake ya vumbi na chafya yake ya mafua. Nyumbani kwao sikuwahi kukanyaga, na mama yake sikumjua hata kwa jina.

Mume wangu, usiku ule, baada ya kusikia habari yote: "Huyo ni nani kwako?"

"Mwenzangu wa kazini."

"Wa kazini tu?"

Alikuwa anatania, lakini nililala nikiwaza suali lake. Kwetu kila mtu ana cheo chake kwako: ami, mjomba, wifi, shemegi, jirani, shoga, somo, mkwe. Mwanamme uliyekaa naye upande wa pili wa meza miaka na miaka, si ndugu, si jirani, hamkualikana hata harusini, na bado mguno wake unaujua, huyo huna pa kumweka. Kituo kikifungwa na yeye kafungwa. Nilipoolewa nikahamia Fuoni na kuingia kazi nyengine, sikuwa na njia ya kumtafuta hata kama ningetaka, kwa sababu kumtafuta ungeulizwa unamtafutia nini.

Ila yeye aliondoka kabla yangu.

Januari 2001 waliokuwepo Pemba wanaijua. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulikuwa umeacha moto chini ya majivu, na maandamano ya tarehe 27 yakaishia kwa watu kuuawa. Zaidi ya watu 2,000 walivuka kwenda Shimoni, upande wa Kenya. Msimu ulikuwa unakaribia mwisho. Kituoni kwetu, siku iliyofuata tulipofungua, koti lake la kaki lilikuwepo msumarini na mwenyewe hayupo. Hakuna aliyeuliza kwa sauti. Aliyeletwa badala yake alilivaa wiki ya pili, likampwaya mikono, akaikunja. Karafuu haingoji mtu.

Oktoba mwaka huo Muafaka, yale mapatano ya CCM na CUF, ukatiwa saini, wengi wakarudi. Daraja hakurudi, nami nikadhani amekufa. Sikusema hivyo kwa mtu yeyote. Nilidhani tu, nikawa namuombea dua kwa niya hiyo, na sasa najiuliza dua zile zilikwenda wapi.

Hakufa. Alioa.

Kutoka Shimoni alipanda juu kwa wavuvi, akafika Mayungu, karibu na Malindi ya Kenya, ambako Wapemba wamekaa tangu zama za babu zao. Akafundishwa kushona nyavu na mtu aliyempokea, kisha akampa binti yake. Huyo bibi alizaliwa Mayungu, na baba yake alizaliwa huko huko, lakini hakuwa na kitambulisho cha Kenya wala cha kwetu. Alikuwa Mpemba kwa Wakenya, na kwetu asingekuwa na karatasi ya kuonesha kwamba ni wa hapa. Daraja karatasi zake za Tanzania alikuwa nazo. Mke hana, na watoto wakafuata shida ya mama yao. Najua mtaniambia watu wanavuka usiku kwa jahazi kila siku, na ni kweli, mkondo ule hauulizi pasipoti. Lakini mtu aliyevuka mara moja kwa kukimbia, na watoto wadogo sasa, hakutaka kuvuka tena kwa kujificha. Hilo alinieleza kwa ujumbe mrefu wa sauti, na nyuma yake nasikia bahari na mtu anagonga ubao.

Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa miongoni mwa makabila ya nchi ile, na vitambulisho vikaanza kutolewa. Foleni zikapangwa, vidole vikatiwa wino, mkewe akapata chake. Kwa hiyo Disemba iliyopita wakafunga mizigo, wakavuka mpaka Lungalunga na Horohoro, Tanga, meli, hadi Wete kwa dada yake. Mara yao ya kwanza kuja, mke na watoto, mchana, kwa njia ya watu wote.

Nami nikapanda meli Malindi ya Unguja na binti yangu wa mwisho. Mume wangu alisema angekuja mwenyewe lakini goti lake. Alimchagua binti huyo kwa sababu hanyamazi, nadhani, ili apate habari kamili. Tulipofika Nungwi bahari ikafanya yake, na pale kila msafiri wa Pemba hunyamaza. Tangu meli ya MV Spice Islander izame hapo mwaka 2011, hata binti yangu hunyamaza. Mkoani tukashuka, tukaingia gari ya Chake, kisha ya Wete. Ulikuwa msimu. Kila uwanja umetandikwa majamvi, na harufu ile ikaingia dirishani nikajikuta nakagua kutoka garini. Hizi zimeanikwa nene mno. Hawa hawajachambua vizuri, makonyo matupu. Binti akaniuliza nasema na nani.

Daraja alitoka mlangoni na kanzu na kofia ya mkono. Amenenepa. Hilo sikulitarajia, nilikuwa nimekwenda kumuona mtu mwembamba. Akaweka mkono kifuani, nami nikaweka wangu.

"Hujambo Bi?"

"Sijambo. Nawe hujambo Bwana?"

"Sijambo. Habari za Unguja?"

"Njema. Za Mayungu?"

Kisha tukakosa la kusema. Nasema kweli, karibu nusu saa tuliulizana watoto na sukari na presha, tukamaliza, tukatazama mkeka. Aliyetuokoa ni mkewe, mwanamke mchangamfu ambaye Kipemba chake ni cha zamani kuliko changu, chenye maneno niliyoyasikia mwisho kwa bibi yangu. Yeye hakuwa na habari ya kituo wala ya Shirika. Alikuwa anataka kujua mti wa karafuu unapandwaje na mwanamke hukaa wapi wakati mwanamme yuko juu. Nikamwambia wanawake pia hupanda, akasema kwake haiwezekani, tukacheka, chakula kikaja: pweza wa nazi, ndizi mbichi, mkate wa kumimina, na halua ya Wete ambayo watoto wa Mayungu waliishambulia.

Binti yangu ndiye aliyeuliza. "Ami, mama alikuwaje kazini?"

Daraja akamtazama mkewe. Mkewe akajifunika mdomo kwa kanga.

"Bi Jiwe," akasema.

"Nani Bi Jiwe?"

"Mama yako. Watu wote mashamba walimwita hivyo. Wakulima wakija, kwanza waulizana nje, leo yupo Bi Jiwe? Wakisikia yupo, wengine wageuza ng'ombe."

Nilikuwa sijawahi kulisikia jina hilo maishani mwangu. Kwangu mimi, miaka ile nilikuwa msichana aliyetoka skuli juzi, mwenye woga, anayeshika kalamu kwa nguvu asikosee hesabu ya watu. Nyumbani kwangu mkali ni baba yao. Mimi ndiye wanayekuja kuniomba nauli. Binti yangu alinigeukia, na macho yale sikuyapenda, yalikuwa ya mtu aliyepata silaha.

Basi nikaamua kujitetea kwa kisa. Ni kisa nilichokihadithia miaka yote, wanangu wanakijua kwa moyo, cha yule mzee aliyeleta karafuu zilizolowa. Ninavyokisimulia, Daraja alizama mkono ndani ya gunia mpaka kiwikoni, akautoa, akaninong'oneza, tukacheka wote wawili, na mzee akarudi nazo kwenda kuzianika tena. Kisa cha watu wawili wanaoelewana.

Daraja alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Si mie," akasema. "Mkono ulikuwa wako."

Akahadithia yeye. Mzee alileta magunia mawili. Yeye akaita la pili. Mimi nikarudia la pili. Gunia la kwanza likapanda mizanini, nami nikaweka mawe, kisha nikasimama nimeyatazama. Gunia la karafuu kavu lina uzito wake, na aliyezoea huujua kwa jicho kabla ya kuweka jiwe la mwisho. Hili lilikuwa zito kupita ukubwa wake. Anasema niliweka kalamu chini, nikalijia gunia, nikalifungua mwenyewe, nikazamisha mkono. Nikamtazama yeye, si mzee. Nikasema: "Ndani mna joto."

Hapo nikakumbuka. Joto lile nalikumbuka. Karafuu zikitiwa gunia zina maji hupata moto zenyewe, na zikiingia ghalani hazivundi peke yake, huvundisha na za jirani. Mkono ukizama huko unasikia uvuguvugu wa kitu kinachoanza kuoza. Nilikuwa nimelisahau joto, nimekibakisha kicheko.

"Na hakuna aliyecheka," akasema. "Mzee alilia. Wewe ukamwambia, kesho urudi nazo kavu, na ukaandika stakabadhi ya mtu mwengine."

Nikamuuliza kwa nini mzee alie kwa jambo la kuanika siku mbili tatu.

"Kwa sababu alikuwa mjomba wangu. Ndugu ya mama, tumbo moja. Alikuwa na mgonjwa Chake anataka pesa siku ile. Na alipita mbele yangu mimi, mpwawe, nikamruhusu, ukamrudisha wewe. Hakunisemesha msimu mzima."

Sebule ikanyamaza. Dada mtu akasema kweli, hakumsemesha, hata Idi. Mjomba amekwishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, muda mrefu sasa.

Mngetaka niseme nilijuta. Sikujuta, na nilimwambia hivyo mbele ya watu wote. Kama ningejua ni mjomba wake, ningezama mkono vile vile. Ghala lilikuwa limejaa karafuu za watu ambao nao wana wagonjwa. Daraja akaguna puani, mguno ule ule, na mkewe akauliza umetoa daraja gani, tukacheka kweli kweli, mara ya kwanza siku ile.

Tukabaki mpaka baada ya isha. Aliniuliza kila kitu: mizani ya siku hizi, nani kafariki, bei. Nikamwambia kwamba mwaka 2011 kilo ilipandishwa hadi shilingi 15,000, na watu wakajenga, wakaoa, wakaenda Hija, na majahazi ya magendo yakapumzika. Aliipiga hesabu kichwani kwa magunia ya mjomba wake, nikamuona anaipiga, midomo inacheza. Akaacha. Akasema siku hizi yeye ndiye anayebishana na mwenye mizani, na kila akibishana humfikiria Bi Jiwe, na hushindwa.

Binti yangu alikwishampelekea baba yake jina kabla hatujafika kitandani.

Nililala vibaya. Si kwa ajili ya mzee, nimeshasema. Ilikuwa jambo la kazi. Daraja alikuwa mkaguzi bora niliyepata kumuona. Aliweza kuijua karafuu iliyolala jamvini usiku mmoja wa umande. Gunia linalopata moto lina harufu, harufu ya uchachu, na yeye pua yake alikuwa akiisikia mvua ya jana. Mimi nililijua kwa uzito. Yeye alizibana fumbani kabla yangu, na zenye maji hunyamaza. Asingeweza kukosa. Na kama hakukosa, na alitaka kumpitisha mjomba wake, mbona aliita la pili kwa sauti ile ile ya kila siku, bila kunikonyeza, bila kuniambia Bi, huyu ni mzee wangu? Ningekataa, lakini angesema.

Niliporudi Fuoni nikamuuliza kwa ujumbe wa sauti. Jibu lilikuja baada ya alfajiri, kajifungia nadhani, maana alisema kwa chini.

"Bi, nilijua tangu yuko mlangoni. Gunia lilikuwa lanuka. Lakini yule ni mjomba, kanilea. Mie kumwambia hapana nisingeweza. Nikaita la pili kwa sababu nilijua wewe utakataa."

Nikausikiliza tena nimesimama. Kwa hiyo mashamba yote yale, ng'ombe wakigeuzwa njiani kwa ajili yangu, kumbe nyuma ya Bi Jiwe alikuwa amejificha mwanamme mzima na koti lake la kaki. Na ni mara ngapi nyengine? Hilo nilimuuliza. Akajibu kwa kicheko peke yake, kirefu.

Nimemwambia hilo ni deni, na halilipwi kwa maneno. Msimu ujao wakija, alete ng'onda, samaki wakavu, wa Mayungu, waliokauka sawasawa, na nitampima mimi mwenyewe, hapa hapa Fuoni. Amekubali ng'onda. Mizani hajaikubali, anasema lazima yatoke mawe ya mtu wa tatu. Tuko hapo mpaka leo.